Lipu ya ukuta wa bustani inavimba na rangi inabanduka, fundi anataka apake ya mafuta. Nikubali?

MamaMchaichai

Wakuu habarini za humu, na wa Tanga wenzangu hamjambo wa nyumbani. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Nyumba yetu ipo Raskazone, kiwanja kina mteremko kuelekea upande wa bahari, sasa mume wangu wakati anajenga akaukata ule mteremko akasimamisha ukuta wa kuzuia udongo, juu tukapata bustani na chini tukapata uwanja wa kukaa jioni. Ukuta ni wa block za nchi 6, una nguzo nne za zege zenye nondo, urefu mita 14 na kimo mita moja na sentimita 10 hivi, nimepima mwenyewe na futi kamba. Huko juu nimepanda mchaichai, asumini, mipapai miwili na mgomba mmoja ambao kila mtu ananiambia niung'oe na mi sitaki.

Ukuta ulikaa miaka mitatu block ziko wazi, mbaya lakini haukusumbua mtu. Mwaka jana mwezi wa pili nikasema hapana, nyumba nzuri mbele ukuta kama wa banda la kuku, nikaita fundi akapiga lipu siku mbili, wiki hiyo hiyo akapaka rangi ya maji ya njano ile ya maziwa. Ulipendeza mno, watu walikuwa wanakuja kupiga picha. Ikaja masika. Mwezi wa tano ukuta mzima umetoka vipele kama mtoto mwenye tetekuwanga, ukibonyeza kwa kidole maji yanachuruzika. Chini kabisa rangi imebanduka na kuna unga mweupe kama unga wa muhogo, nafagia leo keshokutwa umerudi. Af kuna sehemu ukigonga unasikia puu puu, kama hakuna kitu ndani. Nikavumilia nikidhani kiangazi kitakausha, wapi, masika ya mwaka huu yamemalizia kabisa.

Fundi nimemwita tena anasema kosa ni rangi ya maji, tukwangue, tupige puti, tupake rangi ya mafuta maana hiyo maji hayapenyi. Kanipigia hesabu ya ndoo mbili za lita 20 pamoja na puti na kazi siku tatu. Mwezi wa 12 tuna harusi ya mdogo wangu, wakwe wanatoka Pangani na ngoma itapigwa hapo hapo mbele ya huo ukuta, kwa hiyo mnielewe haraka yangu.

Natanguliza shukrani.

ChanguMkavu

Dada paka mafuta ulale. Mi choo changu nilipaka mafuta huu mwaka wa sita hata doa hakina, ukirusha maji yanateleza kama kwenye jani la gimbi. Hizi rangi za maji ni za sebuleni.

FundiMikanjuni

@ChanguMkavu kaka choo chako nyuma ya ukuta kuna udongo? Kuna hewa tu, au chumba kingine. Maji ya choo yanatoka mbele, wewe unapaka mbele, unayazuia. Huyu dada maji yanatoka NYUMA. Udongo wa bustani umeshika maji umeegemea ukuta usiku na mchana, block zinanyonya kama mkate kwenye chai, yanapita mpaka yakute rangi. Rangi ya maji inayapunguzia njia kidogo ndo maana ilitoa vipele tu. Ukipaka ya mafuta umeziba kabisa, yatavimba mapande makubwa na siku yakibanduka yanatoka na lipu yake. Nimeshaitwa kurekebisha kazi za hivyo mara nyingi tu na kila mwenye nyumba ananiambia "fundi alisema haipitishi maji". Kweli haipitishi, ndo tatizo lenyewe.

Dada naomba unijibu haya kabla sijasema lingine. Ukuta una matundu ya kutolea maji? Vile vipande vya bomba vinavyochungulia chini. Pili, mchanga wa lipu ulitoka wapi. Tatu, nyuma ya ukuta kulipakwa chochote kabla ya kujaza udongo? Nne, chukua timazi au hata kamba na jiwe, ning'iniza juu ya ukuta uone kama umelala au una kitumbo katikati. Hilo la nne ndo la kwanza kwa umuhimu, maana kama ukuta unasukumwa habari ya rangi tuiache, utafute mhandisi.

MamaMchaichai

Timazi nimetumia ya jirani, ukuta umenyooka, hakuna kitumbo. Ila katikati kuna ufa mwembamba kama unywele unashuka wima toka juu hadi chini, ulikuwepo hata kabla ya lipu, fundi aliufunika.

Nyuma hakukupakwa kitu, mume wangu anasema walijaza udongo ule ule uliochimbwa, mwekundu unaonata.

Mchanga ulikuja na kirikuu, aliyeleta alisema ni wa mtoni. Sasa ulivyouliza nimeenda kuangalia uliobaki nyuma ya nyumba, nimekuta vigamba vya kombe vidogo vidogo. Nimenyamaza tu.

Na hilo la matundu... naomba msinicheke. Yalikuwepo, mabomba matano ya nchi 2. Yalikuwa yanatoa maji ya tope kila mvua ikinyesha, yanachora michirizi myekundu ukutani mpaka chini, na mtoto wa dada yangu aliona mjusi mkubwa katoka humo. Nikamwambia fundi mwenyewe kwa mdomo wangu ayazibe ndo apige lipu juu. Na yeye akaziba, hakusema kitu.

ChanguMkavu

😂😂😂 dada umemnyima ukuta mkojo

BintiSahare

@ChanguMkavu acha basi, mwenzio ana harusi. Ila mi fundi ndo ninayemlaumu, mteja anaweza kusema lolote, mi nikimwambia kinyozi anikate sikio atakata?

FundiMikanjuni

Sikucheki dada, na wala si wa kwanza, watu wengi wanaziba maana yanachafua kweli. Dawa ya michirizi ni kulirefusha bomba litokeze mbele ya lipu sentimita tatu mpaka tano ili maji yadondoke mbali na uso wa ukuta, na chini yake unaweka mfereji mdogo wa kokoto. Mjusi unamwekea wavu wa chuma kwa ndani.

Sasa nieleze kwa nini nimeng'ang'ania hayo matundu. Maji mita moja ya ujazo ni tani nzima. Udongo wenyewe unasukuma ndio, lakini ukishiba maji na hayana pa kutokea, ukuta unabeba msukumo wa udongo na wa maji juu yake. Block ya nchi 6 kwa kimo chako ni nyembamba, naona zile nguzo nne ndo zimekusaidia. Kwa hiyo kabla hujawaza lipu, kesho chukua tindo na nyundo fungua hayo mabomba. Usisimame mbele yake uso kwa uso, kaa pembeni. Na matano kwa mita 14 ni machache, inatakiwa kila mita moja na nusu au mbili, toboa mengine matatu katikati, juu kidogo ya usawa wa uwanja wa chini, sentimita 10 hivi.

Halafu lipu yote itoke. Yote. Najua inauma. Ile inayolia puu imeshaachia, na ile ambayo haijaachia ina mchanga wa pwani ndani yake. Mchanga wa pwani una chumvi na chumvi inavuta unyevu wa hewani, hata siku mvua haijanyesha utakuta asubuhi ukuta umelowa, sijui kama umeliona hilo. Huo unga wako wa muhogo ni chumvi: maji yanaibeba kutoka kwenye udongo, block na lipu, yakifika nje yanakauka yanaiacha. Usiioshe kwa maji, ukiiosha inayeyuka inarudi ndani. Piga brashi kavu, kusanya kwa kizoleo ukatupe mbali na bustani.

Mchanga mpya ukija usimsikilize dereva. Chukua kiganja kimoja loweka kwenye kikombe, koroga, onja yale maji. Ulimi haudanganyi. Na maji ya kukorogea yawe ya bomba, visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina chumvi.

MamaMchaichai

Asubuhi ndiyo umelowa, na mi nilidhani ni umande wa baharini. Ahsante sana fundi. Mabomba tutafungua Jumamosi mume wangu akiwepo.

Swali, je nyuma ni lazima nichimbe? Asumini yangu ipo sentimita 40 tu toka ukutani na ndiyo imeanza kutoa maua vizuri, na hiyo harusi maua yatahitajika.

FundiMikanjuni

Ukitaka kazi ya kudumu, unachimba. Mfereji upana wa sentimita 30 tu, nyuma ya ukuta, kushuka mpaka usawa wa mabomba, usishuke chini ya msingi. Na usichimbe mita 14 zote siku moja, chimba vipande vya mita tatu tatu, maliza kimoja funika ndo uende kingine, na iwe kiangazi. Sasa hivi Agosti mpaka Septemba mwishoni ndo wakati wake kabla vuli haijaanza. Ukuta unausugua kwa brashi ya waya, unapiga lipu nyembamba, ikikauka unapaka ile rangi nyeusi ya lami mikono miwili, unaweka nailoni nzito juu yake isikwanguliwe na mawe, kisha kokoto safi kuanzia chini mpaka karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo kuna kitambaa maalumu cha kuchujia, kama hukipati tumia mifuko ya sandarusi uliyopasua, siyo sawa sawa lakini inazuia tope lisijaze kokoto. Sentimita 15 za mwisho rudisha udongo na nyasi zako.

Asumini itavumilia ukikata mizizi ya upande mmoja, mwagilia tu. Mgomba sijui upo umbali gani ila huo watu wamekwambia kweli, mgomba unataka maji mengi na wewe ndo unayaleta.

BabuWaTongoni

Salaam kwa wote. Mimi si fundi wa siku hizi lakini nimesoma uzi huu nikaona nichangie la kizamani.

Marehemu baba yangu alichoma chokaa. Walikuwa wanapanga magogo duara, juu yake matumbawe yaliyokauka, moto unalala usiku kucha, asubuhi jiwe limekuwa jepesi jeupe, unalimwagia maji linachemka lenyewe bila moto linakuwa unga. Huo unga ukichanganywa na mchanga ndio uliojenga msikiti wa kale na makaburi ya nguzo pale Tongoni, na majumba ya mawe ya Bagamoyo na Pangani. Karne na karne za mvua na umande wa bahari na bado kuta zingine zimesimama na chokaa yake. Simenti ya mwanangu imepigwa mwaka juzi imeshapasuka.

Siri yake si ugumu. Chokaa ni laini, inaacha unyevu upite utoke, haugombani nao. Kwa hiyo mwanangu Mama Mchaichai, badala ya rangi za makopo, paka chokaa. Koroga iwe nyepesi kama maziwa, ukuta ulowanishwe kidogo, tumia brashi ya katani, hapa Tanga katani haijakosekana bado. Mkono wa kwanza utaona kama hujapaka kitu, usiongeze uzito, ikikauka ndiyo inang'aa. Mikono minne mitano myembamba. Ikififia mwakani unarudia bila kukwangua, mtoto wa darasa la sita anaweza.

Matumbawe yenyewe usiyaguse siku hizi, bahari imeshachoka. Chokaa ya mifuko ipo madukani, mawe ya chokaa nchi hii yamejaa, hata mapango ya Amboni ni jiwe la chokaa, na aliyeyatoboa yale mapango ni maji, hakuna mwingine. Ndiyo muone maji ni nani.

BintiSahare

Babu shikamoo. Hapo kwenye mapango umenimaliza.

Ila swali langu la kike, chokaa si inachafua nguo? Nakumbuka kwa bibi Ngamiani ukiegemea ukuta unatoka na mgongo mweupe. Sasa siku ya harusi watu na mabaibui meusi, watarudi Pangani kila mtu na ramani ya Afrika mgongoni.

BabuWaTongoni

Marahaba mjukuu wangu. Inachafua ikiwa imepakwa nzito au juu ya ukuta mkavu wenye vumbi. Ikipakwa nyembamba na ukuta una unyevu inashika. Zamani walitia na chumvi kidogo ili ishike.

FundiMikanjuni

Shikamoo babu. Nakubaliana na wewe kwa mengi ila chumvi kwenye ukuta huu hapana, tunahangaika kuitoa tena tuirudishe? 😀

Ila hoja ya babu ya chokaa mi naichukua kwenye lipu yenyewe. Ukuta wa namna hii usipige lipu kali ya simenti tupu. Wengi wanadhani ukizidisha simenti ndo imara, sivyo, ikiwa kali kuliko block inajikunja ikikauka, inapasuka nyufa nyufa na kuachia, hizo puu puu nyingi ndo zinatokea hapo. Changanya ndoo 1 ya simenti, 1 ya chokaa, 6 za mchanga uliochekechwa. Inakuwa laini mkononi, haipasuki ovyo na inapumua. Kabla yake lowanisha block, rusha kwanza ule uji mzito wa simenti na mchanga kwa mwiko iwe na vinundu vinundu, iache siku moja ishike, halafu lipu juu, unene milimita 12 mpaka 15 basi, ukitaka zaidi piga mikono miwili.

Ule ufa wima katikati dada ni ukuta mrefu unajitafutia pa kupumulia, mita 14 za block bila kiungo ni nyingi, ilitakiwa kila mita sita hivi kuwe na nafasi. Usiufunike tena. Lipu ikiwa mbichi pitisha mwiko na ubao ukate mstari ulionyooka hapo hapo kwenye ufa, ujaze silikoni ile inayopakika rangi. Utaonekana kama urembo, na ukiacha utajitokeza wenyewe ukiwa umepinda.

Juu ya ukuta weka kofia ya zege inayotokeza sentimita tano mbele, na chini ya ukingo wake chora kamfereji, weka tu kipande cha nondo kwenye ubao wakati wa kumwaga, maji yakifika hapo yanadondoka badala ya kurudi ukutani. Watu wanasahau hii sana na nusu ya uchafu wa kuta zetu unatoka juu.

Jua la hapa usilitanie. Piga lipu kuanzia saa 10 jioni au asubuhi mapema, funika na magunia mabichi, mwagilia siku saba. Siyo mara moja kwa siku kama unamwagilia mchicha. Mara tatu nne.

DukaLaRangi

Nimechelewa uzi, nafanya kazi ya kuuza na kuchanganya rangi hapa mjini, niongezee upande wangu.

Kwanza hesabu, maana nimeona ndoo mbili za lita 20 nikakaa chini. Mita 14 mara 1.1 ni mita za mraba 15.4. Lita moja ya rangi nzuri ya nje kwenye lipu inafunika mita 8 mpaka 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 4, ukizidisha sana kwa ajili ya kofia na lipu inayonyonya ni 5. Lita 40 utapaka ukuta wako, wa jirani, na msikiti. Simenti ya lipu nayo ukuta huo ni mifuko 2 na inabaki. Sisemi zaidi.

Pili, rangi ilipakwa wiki ile ile ya lipu. Simenti mbichi ina ukali kama wa magadi, inachukua wiki kadhaa kupungua. Rangi ya mafuta ndo kabisa, ikikutana na huo ukali na unyevu inageuka sabuni, siyo mfano, ni kweli inageuka kitu cha kunata kama sabuni iliyolowa. Subiri siku 28 kwa uchache toka lipu imalizike. Na hata zikifika usiamini kalenda, kata kipande cha nailoni cha ukubwa wa daftari, bandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kiache mpaka kesho. Kukiwa na matone ndani, subiri.

Tatu, puti usiweke. Puti za kawaida ni za ndani, ukuta wa nje wenye udongo nyuma inalainika kama ugali wa jana. Ukitaka uso laini mwambie fundi ausugue na sponji wakati lipu mbichi.

Rangi yenyewe chukua praima inayohimili ukali wa simenti, kisha rangi ya maji ya nje inayoruhusu mvuke kutoka, muulize muuzaji hilo swali na akikwambia "hii haipitishi hata hewa" mshukuru uondoke. Mkono wa kwanza uzimue kidogo na maji unywe vizuri. Usipake saa sita jua kali, inakauka juu kabla haijashika.

Chokaa ya babu siipingi ingawa mi nauza rangi 😅 kwa ukuta ambao huna uhakika nao mwaka wa kwanza ni bora kuliko rangi yangu, maana hasara yake ni ndogo na haibanduki mapande. Ukipaka rangi ya maji kwanza huwezi kurudi kwenye chokaa bila kukwangua, ila toka chokaa kwenda rangi unapiga brashi vizuri na praima unaendelea. Na kwa vyovyote weka mkanda mweusi au kahawia chini sentimita 20 kama wa madarasani, matone ya mvua yakidunda na udongo mwekundu ndo yanaishia hapo, hakuna atakayeona.

MamaMchaichai

Jamani MREJESHO wa kwanza.

Jumamosi tumefungua mabomba. La kwanza tumegonga kidogo tu maji ya tope yakaruka mpaka kwenye kiti cha plastiki cha mume wangu, na mvua ya maana hapa hatujaona wiki tatu. Yakatoka kama nusu saa. La pili vile vile. La tatu sasa ndo kituko, yametoka maji ya bluu kwa mbali yenye POVU, yananukia sabuni ya unga. Tukatazamana. Kumbe karo la kufulia lililopo juu karibu na mipapai, lile bomba lake la maji machafu halifiki kwenye shimo, limekatika chini ya udongo sijui tangu lini, kila siku tunafua maji yanaingia moja kwa moja nyuma ya ukuta. Ndo maana mipapai inazaa vile na mi nilikuwa najisifu kwa watu ni mbolea ya kuku.

Mume wangu hajasema kitu kuhusu yale matundu niliyoziba, amecheka tu akaenda kuswali.

Fundi wangu nimempigia nikamwambia ndoo mbili hapana, nikamtajia ile hesabu ya mita 15.4, akasema alikuwa anahesabu na ukuta wa mbele wa barabarani. Ukuta wa mbele sina, nina michongoma.

ChanguMkavu

Hahaha michongoma ya lita 40. Dada naomba radhi ya ushauri wangu wa kwanza, leo nimeenda kugonga ukuta wa choo kwa ufunguo, kona ya chini unalia puu.

FundiMikanjuni

Haya sasa umepata mchawi wako, povu halina mjadala. Rekebisha bomba la karo kwanza hata kabla ya kuchimba mfereji, na ukiweza lipeleke upande mwingine kabisa. Usishangae ukuta ukiendelea kulia wiki mbili tatu, ule udongo umekunywa miezi.

Ratiba yako kwa harusi nionavyo mimi. Bandua lipu ya zamani sasa hivi uache block zipigwe na upepo. Mfereji wa nyuma Septemba. Lipu mwanzoni mwa mwezi wa 10, mwagilia wiki, inafika mwanzoni mwa mwezi wa 11 siku 28 zimetimia. Vuli itakuwa imeanza, kwa hiyo utapaka kwa kuvizia siku kavu na ile nailoni ya DukaLaRangi ndo itakuambia. Ikikataa, piga chokaa ya babu mikono minne na uweke viti mbele watu wasiegemee. Ikikataa na chokaa, ukuta wa lipu safi bila rangi si aibu, taa na asumini zinafunika mengi.

MamaMchaichai

Nimeelewa, na mgomba nimekubali tunauhamisha. Chokaa ndo nitakayoanza nayo, rangi mwakani Mungu akipenda.

Kitu kimoja tu, bomba la nne tumelifungua ila halitoi hata tone, na lipo katikati ya lile la povu na la tano ambalo linatoa. Tuliache?

FundiMikanjuni

Usiliache, limejaa tope. Chukua fito ya mkoko au nondo ya milimita 8 ingiza taratibu huku unazungusha, usigonge na nyundo usije ukalisukuma bomba nyuma. Likigoma kabisa subiri ukifika kipande hicho cha mfereji utalikuta kwa nyuma, hapo ndo utaona kama waliliweka mpaka mwisho au waliishia katikati ya block, maana hilo nalo nimeshalikuta.